Chuma cha Babu Muhenna

Alhamisi, soko la Sinaw, saa moja asubuhi.
Vumbi limeamka kabla ya watu.
Mfukoni nina sindano kumi na mbili,
kila moja na punje ndani, ndogo kama ya mpunga,
na kila punje imebeba tarakimu kumi na tano.

Ngamia wa kwanza ni wa Matar bin Hamdan.
Anaitwa Samha. Midomo ya mtu mwenye neno asilolisema.
Paja la kushoto: mistari miwili na nukta,
ngozi iliyokunjamana, manyoya yaliyokataa kuota.
Chapa hiyo naijua. Chuma chake kiko kwetu,
kimeangikwa ukutani, kando ya kalenda ya benki.

Babu alikipika kwa makaa ya mgunga.
Nilikuwa na miaka sita, nimeshika kamba nisiyoiweza.
Ngamia alilia kama mlango usiotiwa mafuta,
harufu ya manyoya ikaingia hadi kwenye mkate.
Bibi, aliyerudi kutoka Wete na mikoba miwili na Kiswahili chake,
alifunga dirisha:
"Mnyama hana pa kushtaki, Muhenna."
Naye babu, bila kugeuka:
"Ngamia asiye na chapa ana wenyewe wengi."

Hakuwa katili. Nataka hili nalo liandikwe.
Mwaka wa ukame alinywesha ngamia, kisha watoto, kisha yeye.
Na chuma hakikuchagua:
nilipozaliwa na macho ya manjano
alinigusa kwa ncha yake kwenye kifundo cha mkono,
muda wa kusema bismillahi, basi.
Kovu lipo, ukubwa wa choroko.
Mimi na ngamia wa Sinaw tu ndugu wa chapa,
ila mimi nilipelekwa shule.

Majilisini kulikuwa na pembe za choroa, ndefu, nyembamba;
wageni waliangikia vilemba.
Gari moja, bunduki tatu, alisimulia babu,
na tambarare isiyo na hata jiwe la kujificha.
"Tulidhani hawaishi."
Hawaishi: hawamaliziki.
Mpaka ikawa hawaishi: hawapo.
Leo choroa wana uzio, wana walinzi, wana daktari,
na anayewahesabu kila alfajiri
ni mjukuu wa mmoja wa wale wenye bunduki.

Haya, sindano.
Shafiqul mchungaji, mtu wa Barisal, anashika hatamu.
Anamnong'oneza Samha kwa Kibangla,
naye Samha anapiga magoti, kana kwamba ndiyo lugha ya mama yake.
Matar, aliyechoma mapaja mia mbili bila kupepesa,
anageuza uso.
"Itamuuma?"
"Kama mbu."
Anamfunika jicho kwa kiganja hata hivyo.

Shingoni, kushoto. Imekwisha.
Napitisha mashine, inalia kama kifaranga.
Shafiqul anasoma tarakimu moja moja kwa Kiarabu,
taratibu, kichwa chini,
kama anavyosoma za kitambulisho chake
polisi wakimsimamisha barabarani.

"Na jina lake liko wapi humo?" anauliza Matar.
Halimo.
Wala mama yake, Ghazela, hayumo.
Hamna mahali pa kuandika kwamba alizaliwa usiku wa mvua,
kwamba haogopi lori, anaogopa mfuko wa plastiki.
Nageuza fomu, naandika yote nyuma kwa kalamu.
Ofisini watanakili upande wa mbele tu.

"Jipime na wewe," Matar ananitania.
Napitisha mashine juu ya choroko yangu.
Kimya.
Tunacheka, mimi, yeye, na Shafiqul aliyechelewa kuelewa.

Nyumbani chuma kimeanza kutu.
Sijakifuta, sijakitupa.
Vumbi linapanda, jua limeshika mabati.
"Mlete wa pili," nasema. "Polepole. Usimvute."